Friza ya Mama Limi na Ng'ombe Wanne wa Tinde

Jumatatu, 4 Agosti

Chai ya rangi na michembe. Wiki ya kumi na tano sasa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwakatwa, vikaanikwa mpaka vikawa kama mbao, kisha vikachemshwa ili visahau kwamba viliwahi kuanikwa. Havisahau.

Mama Limi kabandika bajeti ya wiki nyuma ya mlango wa jikoni, kwenye kipande cha boksi. Unga 9,000. Mboga 12,000. Mkaa 6,000. Luku ya umeme 5,000. Sabuni na mafuta 6,000. Shule 4,000. Rejesho la kikundi 40,000. Jumla 87,000. Nimejumlisha mara mbili. Ni 82,000! Kila wiki mwanamke huyu anakosea elfu tano ile ile, na kila wiki nanyamaza. Ndoa ni kuvumiliana. Yeye ana kidato cha nne, mimi niliishia cha pili, sitaki ajisikie vibaya.

Deni lenyewe ni hivi. Mwezi wa nne kikundi chao cha kuweka na kukopa kilimpa mkopo, na riba yake jumla 1,200,000. Yeye alitaka kuongeza samaki wa kuuza, wa kutoka Nkome. Mimi nikamshauri kitaalamu tuweke kwenye duara la dhahabu la rafiki yangu Kudra huko Geita, maana Kudra alikuwa amechimba shimo futi tisini na kusema mwamba umeanza kucheka. Siku ya tisa shimo likajaa maji. Nadhani mwamba bado unacheka, ila uko chini ya maji.

Zimebaki 640,000. Kikundi kinavunjwa Alhamisi tarehe 4 Septemba, watu wagawane chao. Asiyemaliza deni anachukuliwa dhamana, na dhamana yetu ni friza. Bila friza hakuna samaki, bila samaki mtaa wote wa Nyasubi, hapa Kahama, utajua kwamba kibanda changu cha kutengeneza redio kinaingiza hela ya vocha tu. Tukilipa arobaini kila Alhamisi tutafikisha laki mbili. Pengo ni laki nne na arobaini. Mama Limi anasema tutabana matumizi. Tubane nini? Nimebaki mimi.

Jioni mwenyekiti wa kikundi, Mama Paskazia, kapita kutusalimia akiwa na futi kamba. Kapima friza. Kapima na mlango. Kasema ni mazoea tu.

Jumanne, 5 Agosti

Mchana nimekula maini kwa Sesilia, mama lishe wa karibu na kibanda changu. Kwa mkopo. Haimo kwenye bajeti kwa hiyo haihesabiki.

Na hapo hapo, juu ya maini, Mungu akanifungulia akili. Jamaa wa meza ya pili alikuwa anagawa kadi za mchango wa kipaimara cha mwanawe. Singo 30,000, dabo 50,000. Nikakimbia nyumbani kutafuta daftari langu la michango. Kwa miaka tisa nimechangia harusi, sendofu, vipaimara na ubatizo, na kila shilingi nimeiandika. Jumla 1,940,000, ukitoa misiba, maana msiba haurudishwi. Watu wa mji huu wamekalia hela yangu!

Mimi na Mama Limi tuna miaka kumi na minne, na mtoto, na hatujawahi kufunga ndoa kanisani. Kumbe nilikuwa nimelalia mali. Tunabariki ndoa, watu wanachanga, deni linalipwa, friza inabaki. Sioni kasoro hata moja.

Jumatano, 6 Agosti

Enock wa stationari kanichapishia kadi hamsini, zina njiwa wawili. Shilingi 35,000, nitamlipa baadaye. Mama Limi sijamwambia. Namtunzia kama zawadi.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimeenda kwa katekista Cornel. Huyu mzee amenisumbua kuhusu ndoa tangu Limi yuko mgongoni, kwa hiyo aliposikia nimekuja mwenyewe aliandika jina langu kabla sijaketi. Kauliza kama mwenzangu ameridhia. Nikamjibu aliridhia miaka kumi na minne iliyopita na hajatengua. Tarehe imepangwa, Jumamosi 30 Agosti. Kuna barua ya wazazi wa mke inatakiwa, lakini hayo ni makaratasi.

Jumapili, 10 Agosti

Sikujua kwamba tangazo la kwanza linasomwa kesho yake.

Tuko benchi la nne. Cornel kasoma, "Maduhu wa Nyasubi anataka kufunga ndoa na Suzana binti Bujiku wa Tinde." Kanisa zima likageuka. Vigelegele. Mama Limi akatabasamu kwa watu wa kushoto, akatabasamu kwa watu wa kulia, mimi hakunitazama. Njia nzima jasho lilinitoka hata pasipokuwa na jua.

Nyumbani nikamweleza mpango wote. Nilitegemea kelele. Akasikiliza mpaka mwisho huku anaparua samaki, kisha akauliza swali moja tu, kama nimemaliza mahari ya baba yake.

Mungu wangu. Ng'ombe wanne!

Tulipatana kumi na wawili. Nikapeleka wanane, na wanne nikaahidi baada ya mavuno. Sikusema mavuno ya mwaka gani. Kwa miaka kumi na minne Mzee Bujiku amekaa kimya huko Tinde, na mimi kwa heshima sijamkumbusha. Sasa Cornel anataka barua yake.

Jumatano, 13 Agosti

Barua imekwenda Tinde. Sijalala vizuri.

Leo nimezunguka na Davis, kijana wa bodaboda, kugawa kadi. Elfu nane, nitampa. Watu wengi wamepokea vizuri, ila Loveness wa duka la vitenge kanikumbusha kwamba kwenye kipaimara cha mwanawe, mwezi wa sita, hatukutoa kitu. Ni kweli. Mama Limi alisema bajeti haina fungu la michango. Nilikwenda nikampa mkono wa hongera na nikala sahani mbili. Loveness kasema naye atakuja na mkono, na atakula mbili.

Jambo la kufurahisha. Nimepita kwa Enock nimeinamisha uso, yeye kaniita kwa furaha, kanisalimia, hakuuliza elfu thelathini na tano. Mtu akishatangazwa kanisani anaheshimika. Hata yule mzee aliyeniuzia sungura mwezi wa tano, dume na jike ambao walikuja kuwa madume wote, naye aliacha kunidai ghafla. Nina kitu usoni ambacho watu wanakiogopa.

Jumapili, 17 Agosti

Tangazo la pili. Baada ya misa kamati ya harusi ikaundwa kwangu, uani. Watu kumi na nane, chai na michembe. Mama Limi kaipika na karanga, wakaisifia. Wanafiki.

Pigo. Mweka hazina kachaguliwa jirani yangu Eustace. Bajaji mbili, duka la vifaa vya ujenzi, mkoba wa ngozi wenye kufuli. Eustace huwa mweka hazina wa kila sherehe Nyasubi kwa sababu hajawahi kupoteza hata mia, na analitaja hilo mwenyewe. Nikanyoosha mkono, nikasema kwa unyenyekevu kwamba bwana harusi anaweza kukaa na fedha. Wakacheka. Wakadhani natania!

Hapo ndipo nilipokumbuka, na nimechelewa, kwamba mwenye sherehe haigusi hela. Miaka tisa nimekaa kwenye kamati za watu nikihakikisha bwana harusi hasogelei mfuko. Ni mimi mwenyewe niliyewahi kumfukuza mmoja kikaoni.

Ahadi zimefika 1,870,000. Zote zitaingia kwenye mkoba wa Eustace na kutoka zikiwa pilau.

Isitoshe, huyu Eustace namdai heshima na yeye ananidai elfu ishirini. Nilimkopa mwezi wa saba nimtumie Kudra ya kukodi pampu. Pampu ilikuja, mafuta ya pampu hayakuja.

Jumatano, 20 Agosti

Mpango wa suti. Kamati imenitengea 160,000. Nikapanga kuazima suti ya shemeji na kuweka hela mfukoni. Eustace akasema hawezi kuniachia jambo zito kama hilo peke yangu. Akanipeleka kwa fundi mwenyewe, akashika futi kamba upande mmoja, akalipa mwenyewe, akachukua risiti mwenyewe. Suti ni ya rangi ya maziwa ya mgando. Eustace ndiye aliyechagua.

Lakini elfu ishirini zake hakuzitaja. Hata Sesilia, ambaye kwake nimefikisha elfu tisa za maini, leo kaniongezea mchuzi bila kuangalia daftari. Sielewi, ila sihoji baraka.

Ijumaa, 22 Agosti

Mafundisho ya ndoa, somo la matumizi ya fedha katika familia. Cornel kasema mwanamume mwenye busara humshirikisha mkewe kabla ya kukopa. Kaniangalia mimi tu, na tulikuwa wachumba sita mle ndani. Kisha kamwomba Mama Limi aeleze ile bajeti ya nyuma ya mlango. Kasimama, kaeleza bila karatasi. Unga, mboga, mkaa. Kasema siri ni kupangia kila kitu ambacho una hakika kitatokea, hata kama hukipendi. Wachumba wakaandika. Nikajisikia fahari, halafu nikakumbuka kwamba hata kujumlisha hajui.

Mpango mpya, na huu ni wa uhakika. Mpishi mmoja wa mjini anataka tenda ya chakula, watu mia moja na hamsini kwa 1,500,000. Nikimpigia debe kwenye kamati atanipa cha juu, asilimia kumi. Laki moja na nusu! Siyo laki nne na arobaini, lakini ni mwanzo.

Jumapili, 24 Agosti

Tangazo la tatu. Na tumetoka tu kanisani, Mzee Bujiku kashuka kwenye noa, gari la abiria la Tinde. Kofia, fimbo, na begani kamba. Kamba mpya ya katani, ndefu, ya kuongozea ng'ombe.

Nikapiga magoti, shikamoo baba. Marahaba, akajibu, akaitundika kamba kwenye kiti changu.

Baada ya kula akaomba punje za mahindi. Akazipanga kwenye mkeka. Ng'ombe wanne, kasema, majike, maana alikuwa ameahidiwa majike. Wakazaa. Mitamba nayo ikazaa. Mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, anapanga tu. Nimekaa kwenye kigoda natazama punje zinavyozaana mbele ya macho yangu. Zikafika thelathini na tatu. Akaondoa mbili kwa ajili ya ukame wa ule mwaka, kwa sababu yeye si mtu wa kuonea. Thelathini na mmoja.

Nilianza mwezi huu na deni la laki sita na arobaini. Sasa nina deni la zizi zima.

Kasema barua ya ridhaa ataitoa. Ataitoa siku kamba yake itakapokuwa na kitu upande wa pili. Bila barua hakuna ndoa, bila ndoa kamati inarudisha michango ya watu, na mimi nahama Kahama kwa miguu.

Jumanne, 26 Agosti

Kikao cha kamati. Nikasimama, nikampigia debe mpishi wangu kwa ufasaha ambao hata mimi ulinishangaza. Nikataja usafi. Nikataja sahani zake za udongo.

Mama Limi akabisha hodi, akaingia na daftari. Kwa kawaida bibi harusi haingii kwenye kamati. Akasalimia wakubwa shikamoo, akafungua ukurasa, akasoma. Pilau, ndizi, sato wa kukaanga wa Nkome, kachumbari, watu mia moja na hamsini, 1,150,000. Atapika yeye na rafiki yake Vumilia na akina mama wawili.

Eustace akasema haijawahi kutokea bibi harusi akajipikia harusi yake.

"Samaki ni wangu, friza ni yangu, na deni ni langu," Mama Limi akasema. "Mikono mnataka iwe ya nani?"

Nilipinga! Nilisimama nikapinga kwa nguvu zote, nikasema ni aibu, nikasema mke wangu hawezi kuwa jikoni siku yake, nikakaribia kulia. Watu wakaniona mume mwenye huruma. Kumbe nalilia laki na nusu yangu. Eustace akachomoa kikokotoo kwenye mkoba, akatoa hesabu, akaona anaokoa 350,000, na macho yakamlainika kama ya mtu aliyeonyeshwa mtoto mchanga. Kura kumi na saba kwa moja.

Njiani Mama Limi kanieleza kwa upole. Gharama zake zote, na ujira wa akina Vumilia, 695,000. Zinabaki 455,000. Pengo ni 440,000. Nikasimama katikati ya barabara. Nimekaa wiki tatu nazunguka kutafuta hela ambayo mke wangu ameipata kwa dakika kumi, na mimi ndiye kura pekee iliyompinga.

Ila barua bado. Mzee anaendelea kukaa kwenye kiti changu na kamba yake. Kala michembe sahani tatu, kasema wabeja, asante ya Kisukuma, kaomba ya nne.

Alhamisi, 28 Agosti

Rejesho limelipwa. Cornel kaja kusema kwamba barua isipofika leo, Jumamosi hakuna kitu. Nilijifungia chooni nikafikiri. Nikatoka na mpango wa kumpa Mzee hisa kwenye duara la Kudra badala ya ng'ombe. Namshukuru Mungu nilichelewa.

Nilimkuta Mama Limi ameketi kwenye mkeka, karibu na miguu ya baba yake, wanabangua karanga. Nikabaki nyuma ya mlango wa jikoni. Alikuwa anamweleza kila kitu, mkopo, duara, maji, friza. Hakunisema vibaya. Alisema tulipoteza, sisi. Ningependa kuandika kwamba nilijisikia vizuri, lakini nilijisikia vibaya sana.

Kisha akamwambia, "Baba, ng'ombe hawa wakiisha leo, kesho utakuja Nyasubi kufuata nini?"

Mzee akabangua karanga kama tano hivi. Mama Limi ni binti yake wa mwisho, na kwa miaka hii yote Mzee amekuja kwetu mara mbili tu, zote kwenye msiba.

"Mahari haimalizwi, mayu," akasema mwishowe, akimwita mama kwa Kisukuma. "Inapunguzwa."

Kataka ng'ombe mmoja, mavuno yajayo. Wale thelathini wamebaki kwenye mkeka kama mahindi, na kuku wakawala. Cornel akaandika barua, Mzee akaweka dole gumba. Halafu akaniita kwa jina, nikatoka nyuma ya mlango nimeshika ufagio kana kwamba nilikuwa nafagia. Akanipa ile kamba. Kasema niitundike mahali nitakapoiona kila asubuhi. Ipo kwenye msumari, kando ya bajeti.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimefunga ndoa!

Saa mbili asubuhi Mama Limi alikuwa bado anaonja pilau, kanga kiunoni, anamwelekeza Vumilia chumvi. Saa nne alikuwa mlangoni mwa kanisa. Gauni la kukodi, nywele zimesukwa, na harufu ya kitunguu kwa mbali. Mzee Bujiku kamshika mkono. Nilimwangalia akija na nikasahau deni kabisa, kwa muda kama wa Baba Yetu mbili. Kuna wakati mtu unaona ulichopewa na unaona pia kwamba hukustahili. Nimeandika ili nisije nikakataa baadaye.

Chakula kilitosha na kubaki. Watu walilamba vidole. Loveness kaja na mkono wa hongera kama alivyoahidi, kala sahani mbili, akarudi ya tatu. Nilitegemea bahasha. Nimepata mabeseni saba, seti nne za glasi, picha ya maporomoko ya maji, na jogoo. Eustace katoa hotuba ya dakika ishirini kuhusu matumizi ya kamati, na salio la 6,400 kalikabidhi mbele ya umati, kwa mke wangu.

Alhamisi, 4 Septemba

Akina mama walikaa kwa duara chini ya turubai la kikundi. Mkokoteni ulikuwa umeshaandaliwa pembeni, nimeuona. Mama Limi kaweka rejesho la arobaini, akaweka juu yake laki nne na arobaini. Mama Paskazia akahesabu mara mbili, akalamba kidole, akahesabu ya tatu. Akachukua kalamu nyekundu akakata mstari kwenye jina letu. Wakapiga makofi ya kikundi, matatu kwa pamoja.

Nilikuwa nimesimama nje na wanaume wengine tukijifanya tunazungumzia mpira. Nikaenda kuketi kwenye mkokoteni ule ule. Nimekaa pale nimecheka peke yangu kama mwehu. Hatudaiwi! Jioni nilifungua friza bila sababu, nikaifunga, nikaifungua. Inaunguruma vizuri. Sikuwahi kujua inaunguruma vizuri namna hii.

Mama Limi katumia elfu kumi na tano zilizobaki kununua nyama na kuweka luku. Nyama! Tulikula, watatu sisi, na kila mmoja alikwangua sahani.

Jumapili, 7 Septemba

Leo, kwa kuwa moyo umetulia, nikaona ni wakati wa kumsaidia mke wangu kihesabu. Nikamwambia kwa upendo kwamba wiki kumi na tisa amekuwa akikosea elfu tano. Nikamwonyesha kwenye boksi. Nikamwambia asione haya.

Hakuona haya. Akaingia chumbani, akatoka na lile daftari lake, akafungua ukurasa wa mwisho. Juu kabisa ameandika *Hasara za Baba Limi*, 5,000 kwa wiki. Chini yake orodha ya waliolipwa. Mzee wa sungura, 12,000. Enock, kadi, 35,000. Davis, bodaboda, 8,000. Sesilia, maini, 9,000. Eustace, pampu, 20,000.

Nikasoma. Nikarudia kusoma. Kumbe hakuna aliyekuwa ananiogopa.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia ningelizoea hilo fungu. Akafunga daftari, akanitazama vizuri, wala hakuwa na hasira.

"Ugonjwa naupangia, mvua naipangia," akasema. "Na wewe nakupangia."

Nilitaka kujibu kiume. Nikaenda kuteka maji ambayo hakuna aliyeyahitaji, ndoo mbili, na huko bombani nikaapa kwa jina la marehemu mama yangu kwamba mimi na mipango basi. Nimekuwa mtu mpya. Niliporudi akanipa salio la fungu, 11,000, kasema ni zangu halali, nikale maini kwa hela taslimu, nione ladha yake.

Jumatatu, 8 Septemba

Chai ya maziwa. Michembe bado.

Bajeti mpya imebandikwa. Rejesho halipo, nimeligusa lile pengo kwa kidole. Unga, mboga, mkaa, luku, sabuni, shule, kama kawaida. Ng'ombe wa Tinde 20,000. Na mstari wa mwisho, waziwazi, bila kuficha, Baba Limi 7,000. Jumla 69,000. Nimejumlisha. Safari hii kapatia.

Elfu saba! Kutoka tano! Sijui nani mwingine Nyasubi amepandishwa wiki hii. Nimepita kwa Eustace makusudi nikamweleza.

Nikampigia Kudra kumpa habari njema. Naye anazo. Maji yameanza kushuka yenyewe, mwamba unaonekana, na unacheka kuliko mwanzo. Anakusanya watu wachache waaminifu. Nikamwuliza kiingilio ni shilingi ngapi. Akaniuliza nina ngapi. Nikasema elfu kumi na moja. Akasema hicho ndicho kiingilio chenyewe hasa.

Nimeituma saa nne asubuhi. Sina wasiwasi hata kidogo. Safari hii sijakopa kwa mtu, na kama maji yatarudi, nimo kwenye bajeti.